Mtaka cha uvunguni sharti ainame: namna ya kukagua 4x4 bila kutazama nembo

Wapenzi wa magari ya porini hubishana kwa majina: Land Cruiser ya Toyota dhidi ya Patrol ya Nissan, Defender ya Land Rover dhidi ya Land Cruiser, Jimny ya Suzuki dhidi ya wote. Ubishi huo haufiki popote kwa sababu jina moja hubeba magari mengi yasiyofanana. Patrol Y61 yenye injini ya TD42 na Patrol Y61 yenye ZD30 ya miaka ya mwanzo zina bodi ileile na nembo ileile, lakini ya kwanza inasifika kwa uvumilivu na ya pili inajulikana kwa kuua pistoni. Defender iliyotoka Solihull hadi Januari 2016 ina chesisi ya chuma ya umbo la ngazi na ekseli nzima, yaani bomba moja kutoka gurudumu hadi gurudumu, mbele na nyuma. Defender iliyozinduliwa 2019 na kuundwa Nitra, Slovakia, ni bodi moja ya aluminiamu yenye sasipensheni huru, yaani kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake. Anayesema "Defender ni imara" au "Defender ni mbovu" bado hajasema kitu.

Ukaguzi unaoelezwa hapa unachukua kama saa tatu na unafaa kwa gari lolote la aina hii lililokwisha kutumika. Unamfaa anayetaka kununua, na unamfaa pia mwenye gari anayetaka kujua kile anachokitetea kila siku kina hali gani.

Anza na msimbo

Fungua boneti au mlango wa dereva, tafuta bati la mtengenezaji, uandike herufi na tarakimu zote kabla ya kugusa kitu kingine. Kwa Toyota bati hilo linaeleza mengi. HZJ105 maana yake ni injini ya 1HZ, familia ya Land Cruiser (ndiyo hiyo J), chesisi ya 105. HDJ100 ni injini ya 1HD katika chesisi ya 100. KZJ95 na KDJ120 zote ni Prado, ila moja ina 1KZ na nyingine 1KD. VDJ79 ni pikapu ya mfululizo wa 70 yenye V8 ya 1VD. Tarakimu moja inaweza kugeuza gari zima: 100 na 105 zinafanana mno kwa mtu anayezitazama barabarani, lakini 105 ina ekseli nzima mbele, na 100 ina sasipensheni huru. Sehemu za kukagua si zilezile, na magonjwa si yaleyale.

Kwa Nissan Patrol tafuta Y60, Y61 au Y62, na msimbo wa injini. Y62 iliyoanza 2010 iliachana na ekseli nzima kabisa. Kwa Mitsubishi Pajero uliza kama ni ya kabla au baada ya kizazi cha tatu cha 1999, maana tangu hapo fremu yake imeunganishwa na bodi; hakuna tena chesisi ya kujitegemea ya kugongwa kwa nyundo.

Kisha tafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Kwenye magari mengi ya chesisi iko kwenye reli (boriti ndefu ya chesisi) ya kulia, karibu na gurudumu la mbele. Ilingane na bati na karatasi za gari. Ukikuta chuma kimesagwa au kina mshono wa kuchomelea kuizunguka namba hiyo, ukaguzi umekwisha. Funga boneti na uondoke.

Gawa karatasi yako safu tatu

Hapa ndipo mabishano mengi huharibika, kwa hiyo inafaa kutulia kidogo. Kila kasoro utakayoiona iandike chini ya kimojawapo kati ya vichwa vitatu: muundo, utengenezaji, au matunzo.

Kasoro ya muundo iko katika kila gari la aina hiyo, hata likiwa jipya. Mfano mzuri ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70 tangu 2007: ekseli ya mbele ilipanuliwa ili V8 ienee, ya nyuma ikaachwa ilivyo, na magurudumu ya nyuma yakabaki ndani ya njia ya yale ya mbele kwa takriban milimita 95. Kwenye mchanga mlaini matairi ya nyuma hayafuati mkondo uliokwisha kukandamizwa; kila moja linajichimbia wake, na injini inalipa gharama. Hakuna matunzo yanayoondoa hilo. Ama ulikubali, ama ubadilishe ekseli au rimu kwa njia halali.

Kasoro ya utengenezaji hukamata miaka fulani au kundi fulani. Mwaka 2016 Toyota ilifikia makubaliano nchini Marekani, yenye thamani ya hadi dola bilioni 3.4, juu ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zikiliwa na kutu. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua dhidi ya kampuni hiyohiyo kuhusu kichujio cha masizi katika Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kati ya 2015 na 2020. Mambo haya hayafanyi Toyota kuwa mbovu. Yanaonyesha kwamba sifa ya kampuni haizuii kutu, na kwamba lazima ujue mwaka wa gari lililo mbele yako.

Kasoro ya matunzo ni ya gari hilo moja tu. Sili ya ekseli inayovuja si hoja dhidi ya Patrol wala Land Cruiser. Ni hoja dhidi ya aliyekuwa nayo. Ukizichanganya safu hizi tatu utamlaumu mhandisi kwa uvivu wa dereva, au utamsifu dereva kwa chuma alichokikuta kikiwa kizuri.

Vifaa na usalama

Chukua taa yenye mwanga mkali, nyundo ndogo, bisibisi ndefu iliyochakaa, sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba, futi ya kupimia ya mita 5, jeki na stendi mbili, nondo ya kukongolea yenye urefu wa sentimita 60 hivi, vitambaa vyeupe, kipande kikubwa cha kadibodi, na kisoma kompyuta ya gari kama injini ni ya miaka ya 2000 kuja juu. Kipimajoto cha kuelekeza bila kugusa kitakusaidia mwishoni.

Usiingie uvunguni gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Na kuna mtego ambao wengi hawaufahamu: Defender na Land Rover za zamani, Patrol Y60 na Y61, na baadhi ya 4x4 nyingine za zamani zina breki ya mkono kwenye gia ya kugawa (sanduku la gia linalopeleka nguvu mbele na nyuma), siyo kwenye magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu (gia za katikati ya ekseli zinazoacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti) inaliruhusu kuzunguka, na gari linaweza kukuponyoka ingawa breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Kwa hiyo weka vigingi vya mbao au mawe mazito pande zote mbili za magurudumu yaliyobaki chini, kila mara, gari lolote.

Mwombe mwenye gari asiwashe injini kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, rudi siku nyingine. Dalili nyingi za injini hujificha ikishapata moto.

Chesisi

Hii ndiyo kazi kubwa, na nusu ya muda wako itumie hapa. Injini inaweza kubadilishwa, giaboksi inaweza kubadilishwa, lakini chesisi iliyooza inabeba kila kitu kingine na kukiharibu.

Anza nyuma, mahali matope na maji hukaa. Kwenye Land Rover za chuma kagua boriti ya nyuma inayounganisha reli mbili, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na sehemu iliyo juu ya tangi la mafuta. Reli zake ni za boksi, zimefungwa pande zote nne, na kutu huanzia ndani. Nje unaweza kuona rangi nzima huku ukuta umebaki mwembamba kama bati la kopo. Kwenye Prado 120 na Land Cruiser 100 tazama kwa makini pale reli inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na mahali mikono ya nyuma inapofungwa.

Gonga kila sentimita kumi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali inayodumu kidogo. Chuma kilichooza hutoa sauti ya kufa, na mara nyingi magamba hudondoka ndani ya reli, utayasikia. Pakikutia shaka, sukuma kwa ncha ya bisibisi. Usimwonee haya mwenye gari: ikiwa bisibisi inaingia, haikuwa kazi ya bisibisi.

Kutu ya juu juu ya rangi ya chungwa isikutishe, hasa kwenye bomba za ekseli na mabano. Kinachotisha ni magamba yanayobanduka kwa tabaka, na pia rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi uvunguni mwa gari lenye miaka ishirini. Rangi mpya ya nje haizuii kutu iliyo ndani, inaifungia unyevu. Kwangua kidogo palipo na mshono uone kilicho chini.

Baada ya kutu, tafuta nyufa na kupinda. Magari yenye ekseli nzima mbele na matairi makubwa hupasuka pale boksi la stelingi linapofungwa kwenye reli. Mwombe mwenzako ayumbishe stelingi kushoto na kulia injini ikiwaka, nawe tazama reli: ikipumua, au ukiona mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye tundu la bolti, kuna ufa. Kwa pikapu za kabini mbili, tazama mwanya kati ya kabini na sanduku la mizigo. Mwanya ukiwa mpana juu kuliko chini, mkia wa chesisi umeshuka. Hutokea zaidi kwa magari yaliyofungwa mifuko ya hewa juu ya springi za bapa ili yabebe zaidi: uzito uliokuwa ukigawanyika kwenye ncha mbili za springi sasa unasukuma sehemu moja katikati ya reli, na mizigo mirefu inayoning'inia nyuma humalizia kazi.

Mwisho pima. Nyoosha matairi, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma upande mmoja, halafu upande wa pili. Tofauti ikizidi milimita 10 kuna kitu kimepinda au bushi zimekufa. Uvunguni chagua matundu mawili ya kiwandani yanayolingana kila upande, upime kwa mkingamo, kutoka kushoto mbele hadi kulia nyuma na kinyume chake. Ukipata tofauti ya zaidi ya milimita 6, gari liliwahi kugongwa vibaya.

Bodi

Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye milango, matao ya magurudumu na kingo za chini. Isiposhika palipopaswa kuwa na chuma, kuna puti chini ya rangi. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwenye Land Rover za zamani kwa kuwa sehemu kubwa ya mabati yake ni aleo ya aluminiamu, urithi wa 1948 wakati chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Hizo zina ugonjwa wake: aluminiamu inapogusana na chuma na kupata maji, yenyewe ndiyo inayoliwa, na rangi huvimba juu ya unga mweupe. Ukuta kati ya injini na abiria, ambao ni wa chuma, huoza kwenye pembe za juu karibu na bawaba na pale miguu inapokaa. Inua mazulia.

Ekseli na stelingi

Kwa magari ya ekseli nzima (Land Cruiser 40, 60, 70, 80 na 105, Patrol Y60 na Y61, Defender, Jimny) utaona mpira wa chuma nyuma ya kila gurudumu la mbele. Ndani yake kuna kiungo kinachopeleka nguvu gurudumu likiwa limekatwa kona. Utando mwembamba wa grisi nzito kwenye mpira huo ni wa kawaida. Uji mweusi unaotiririka hadi ndani ya rimu si wa kawaida: sili ya ndani ya ekseli imekufa, mafuta ya difu yanapita na kuyeyusha grisi. Huliwa beringi za kingpini (pini ambazo gurudumu hugeukia), kisha kiungo chenyewe. Kwenye Defender pitisha kucha juu ya mpira. Ukisikia vishimo vya kutu, sili mpya haitadumu kwa sababu vishimo vitaikata.

Inua gurudumu la mbele. Shika juu na chini, yaani saa kumi na mbili na saa sita kwenye uso wa saa ya ukutani, utikise. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu, ambazo mara nyingi zinahitaji kukazwa tu. Mchezo ukibaki, ni kingpini. Halafu shika kushoto na kulia: mchezo hapo huelekeza kwenye tairodi endi (ncha za fimbo za stelingi).

Gari likitajwa kuwa "hutetemeka kidogo likifika kasi fulani", usikubali jibu la kwamba linataka shokapu mpya ya stelingi. Shokapu hiyo huficha mtetemo, haiuponyi. Sababu huwa ni bushi za fimbo ya panhadi (inayoizuia ekseli isiende pembeni), tundu la bolti yake lililopanuka, kingpini zilizolegea, tairodi endi, au matairi yasiyo na mizani. Jimny na Jeep Wrangler zinajulikana sana kwa hili, ila ekseli nzima yoyote yenye koili inaweza kulipata. Magurudumu yakiwa chini, injini ikiwaka, mwenzako ayumbishe stelingi upesi kwa robo ya mzunguko, nawe weka kidole kwenye maungio ya fimbo hiyo. Panapocheza utapahisi kabla ya kupaona.

Kwa sasipensheni huru, tazama mifuko ya mpira ya viungo vya ekseli, boljoint, na bushi za mikono ya chini. Gari likiwa limeinuliwa zaidi ya milimita 50, pembe ya viungo huwa kali na mifuko husugua hadi kupasuka. Bolti za kurekebishia pembe ya matairi hushikana na bushi zake kwa kutu. Zisipozunguka, alaimenti haitawezekana bila kukata chuma.

Zungusha propela shafti kwa mkono, ukishika pande zote mbili za krosi (kiungo cha umbo la msalaba kwenye ncha ya shafti). Krosi isicheze hata kidogo. Kwenye Defender mchezo hujilimbikiza: meno ya flanji za magurudumu, shafti za ndani, na meno kati ya giaboksi na gia ya kugawa ya LT230. Mlio wa "kd'ung" gari linapoanza kuondoka ni jumla ya hayo yote, na ukimya wa gari la jirani ni ushahidi kwamba mtu amekwisha kuvibadilisha.

Ukiruhusiwa, fungua bolti za mafuta za difu mbili na gia ya kugawa. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni meno yanayovunjika. Mafuta ya rangi ya maziwa yana maji, na hapo tazama kipumulio, ile valvu ndogo juu ya ekseli. Kikiziba, ekseli yenye moto inayozamishwa kwenye maji baridi hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na maji huvutwa kupitia sili ambazo hazina kosa lolote. Mpira mrefu uliopandishwa hadi juu ya injini unamaliza tatizo hili, na kuwepo kwake ni dalili nzuri kuhusu aliyelitunza gari.

Injini kwa jina lake

Kwanza vipimo vya injini zote. Injini ikiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta, washa, tazama. Mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Kama hakuna mahali pa kufungua, shika mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika mbili, wakati bado ni baridi, maana yake ni ileile. Kisha, injini ikishapata moto na ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), geuza kifuniko cha oili ukiweke juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikicheza kidogo, sawa. Kikirushwa, ringi za pistoni zimechoka.

1HZ ya lita 4.2 haina tabo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini) kiwandani na ni mvumilivu mno. Hatari yake ni tabo iliyoongezwa baadaye bila kipimo cha joto la moshi, maana vyumba vyake vya awali vya kuwakia havikuundwa kwa joto hilo na hedi hupasuka. Uliza pia mkanda wa taiming ulibadilishwa lini.

1KZ-TE hupasuka hedi ikipata moto kupita kiasi mara moja tu. Fanya kile kipimo cha mapovu kwa uangalifu wa pekee, na utazame kama rejeta na feni vina afya.

1KD-FTV ya miaka ya mwanzo ina kasoro ambayo huua injini kimyakimya. Washa za shaba chini ya injekta huvuja, gesi ya mwako huingia kwenye oili, oili hugeuka lami, na lami huziba chujio lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Taa ya oili ikiwaka, muda umekwisha. Tafuta masizi magumu meusi kuzunguka injekta na chini ya kifuniko cha oili. Uliza kama washa zilibadilishwa na kama sampu iliwahi kufunguliwa. Kwa kisoma kompyuta, injini ikiwa na moto na sailensa, angalia namba za marekebisho ya kila injekta. Inayokaribia 3, ya kuongeza au ya kupunguza, ina maswali ya kujibu.

ZD30 za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilivunja pistoni, na msukumo wa tabo uliopita kiasi ulichangia. Iliyofika leo huenda imefungwa kipimo cha msukumo na kipimo cha joto la moshi. Isipokuwa navyo, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza. TD42 haina siri kubwa: sikiliza, tazama moshi, kagua joto.

Td5 ya Land Rover ina jambo dogo linaloonekana kubwa. Waya za injekta hupita ndani ya oili, na oili hupanda ndani ya waya hadi kwenye kompyuta ya injini. Chomoa plagi nyekundu ya kompyuta hiyo, futa kwa kitambaa cheupe. Oili ikionekana, badilisha waya za ndani ya kifuniko cha valvu na usafishe plagi. Ni kazi ya mchana mmoja, siyo sababu ya kulikataa gari.

Je, magurudumu manne yanavuta kweli?

Taa ya 4x4 kwenye dashibodi haithibitishi kitu. Ingiza 4L (magurudumu manne, gia za chini) injini ikiwaka, zima, acha giaboksi kwenye gia ya kwanza (au P kwa otomatiki), kisha inua gurudumu moja la mbele na ulizungushe kwa mkono. Lisizunguke. Likizunguka huru, habu (kitovu cha gurudumu) haijashika. Jimny ya 1998 hadi 2018 hutumia mvuto wa hewa kushikisha habu, na mipira yake myembamba ikipasuka taa humeta lakini mbele hakuna nguvu.

Difu loki ya nyuma, inayofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, ipime magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa juu ya stendi, ya mbele yamefungwa vigingi, gia huru. Washa loki, zungusha gurudumu moja taratibu hadi meno yashikane. La pili lazima lizunguke upande uleule. Motaa za loki za Land Cruiser 80 na 100 hukwama mara nyingi kwa sababu ya kutotumiwa. Kwenye Defender loki ya kati nayo hukakamaa kwa sababu hiyohiyo.

Usijaribu 4H (magurudumu manne, gia za kawaida) kwa kukata kona kwenye lami kavu kama gari halina difu ya kati. Shafti hujikunja na hakuna pa kuachilia.

Matairi na mabadiliko

Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Soma na la akiba.

Kama matairi si ya saizi ya kiwandani, piga hesabu. 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777, na 285/75R16 lina milimita 834. Gari linapanda milimita 28, siyo 57, kwa kuwa ni nusu tu ya kipenyo iliyo chini ya ekseli. Na kila mzunguko unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 7: gari lililosomeka kilomita 200,000 kwa matairi hayo limekwenda karibu 214,500, na huduma zote zilichelewa kwa kiasi hicho.

Koili ndefu bila fimbo ya panhadi iliyorekebishwa huisogeza ekseli upande mmoja. Pima kutoka ukingo wa tairi hadi reli ya chesisi, kushoto na kulia.

Baada ya kuendesha

Endesha kama kilomita 20, nusu yake barabara mbovu. Simama bila kukanyaga breki kwa nguvu, shuka mara moja, upime joto la kila habu. Ulinganishe kushoto na kulia wa ekseli ileile, siyo mbele na nyuma. Pakiwa na tofauti ya nyuzi 20 za Selsiasi au zaidi, breki inashika au beringi imekazwa mno. Pima na difu zote mbili. Kwa gari linalovuta nyuma peke yake, ya nyuma kuwa na moto zaidi ni kawaida.

Sogeza kadibodi uvunguni, zima injini, subiri nusu saa. Weka alama kwenye kadibodi mahali ekseli za mbele na nyuma zilipo, kisha ukague matone. Jekundu huwa ni la otomatiki au pawa stelingi, jeusi ni la injini, la kahawia lenye harufu kali ya kiberiti ni la difu au gia ya kugawa. Andika kila tone kwenye safu yake, kisha rudia kazi yote kwa gari la kambi ya pili, kwa karatasi ileile na nyundo ileile, kabla ya kumwambia mtu yeyote umechagua lipi.